UCHANGANUZI: Bendi za roki ndefu zakaidi enzi ya haraka, ila mrithi ni nani?

MNAMO Julai 26, 2024, Wakenya waliokuwa mbele ya runinga wakisubiri kuwaona wanamichezo wao wakipita kwa mashua katika mto Seine, jijini Paris, walishuhudia jambo ambalo wengi hawakulitarajia.

Kwenye kuta za Conciergerie, jumba la kale ambamo Malkia Marie Antoinette alizuiliwa kabla ya kukatwa kichwa mnamo 1793, walitokea wanamuziki wa bendi ya Gojira wakiwa na magitaa yao. Moto uliruka, ngoma zikanguruma, na mwimbaji wa opera Marina Viotti akajiunga nao kuufufua wimbo wa Mapinduzi ya Ufaransa, “Ah! Ça ira”.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa bendi ya metali kutumbuiza katika sherehe za kufungua Michezo ya Olimpiki. Miezi michache baadaye, Februari 2025, onyesho hilo liliitunukia Gojira tuzo ya Grammy nchini Marekani.

Kwa baadhi ya watazamaji, yale yalikuwa makelele matupu. Kwa wafuasi wa muziki huo, ulikuwa ushahidi kwamba sanaa iliyodharauliwa kwa miongo mingi imeketi hatimaye kwenye kiti cha mbele.

Hata hivyo, shangwe za Paris zinafunika swali zito. Muziki huu unahitaji msikilizaji aketi dakika 10, 15 au hata 20 kwa kipande kimoja. Soko la leo linalipa kwa kuhesabu sekunde 30. Isitoshe, wengi wa waasisi wake wamepita umri wa miaka 50, na baadhi wamekwisha kuaga dunia. Je, ni nani atakayeurithi?

Mizizi ya 1969

Ili kulijibu swali hilo, sharti kwanza ieleweke ni muziki wa aina gani unaozungumziwa. Roki ya progresivu, yaani roki inayodai kusonga mbele, ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Albamu ya kwanza ya King Crimson, iliyotolewa mwaka 1969, hutajwa mara nyingi kuwa mwanzo wake.

Vijana wa wakati huo walichoshwa na nyimbo za dakika tatu zenye beti mbili na kiitikio. Walichota kutoka jazi, muziki wa okestra na fasihi. Mwaka 1972 bendi ya Yes ilitoa kipande kimoja kilichojaza upande mzima wa santuri. Mwaka uliofuata, Pink Floyd wakatoa “The Dark Side of the Moon”, ambayo ni miongoni mwa albamu zilizouzwa sana duniani.

Afrika Mashariki nayo ina uzi mwembamba katika kitambaa hiki. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, aliiongoza Queen kuchanganya roki na opera mnamo 1975 kwa namna iliyowapa vijana wengi ujasiri wa kuvunja kanuni. Miongoni mwao ni Dream Theater, ambao mwaka 2009 walirekodi upya baadhi ya nyimbo za Queen.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, vijana wa panki waliwacheka wakongwe hao kwa kujikweza na kurefusha mambo bila sababu. Roki ndefu ikaonekana kama mzee aliyepitwa na wakati. Lakini kilichodhaniwa kuwa kaburi kiligeuka kuwa kitalu, kwani mbegu zake ziliangukia kwenye udongo wa metali, muziki mzito na wenye hasira zaidi.

Nguzo za jengo

Bendi zilizolijenga upya jengo hili ni nyingi, ila chache ndizo nguzo zenyewe. Ya kwanza ni Dream Theater. John Petrucci, John Myung na Mike Portnoy waliianzisha mwaka 1985 wakiwa wanafunzi wa chuo cha muziki cha Berklee mjini Boston, Marekani.

Albamu yao ya 1992, “Images and Words”, ilithibitisha kwamba ufundi wa hali ya juu unaweza kuuzwa hata wakati ambapo redio zilikuwa zimetekwa na sauti nyingine. Mwaka 1999 walitoa hadithi nzima kwa muziki, “Scenes from a Memory”. Kipande kimoja ndani yake hubadilisha hesabu ya mapigo zaidi ya mara 100 kwa muda wa takriban dakika sita.

Dream Theater, kwa hivyo, ndiyo shule. Mpiga gitaa au mpiga ngoma anayejifunza aina hii ya muziki, awe Tokyo au São Paulo, hupitia mlangoni mwao kwanza.

Nguzo ya pili ni Tool, wa Los Angeles. Hawa hawakuonyesha kasi ya vidole, bali subira. Katika wimbo wa “Lateralus”, wa mwaka 2001, idadi ya silabi katika mafungu ya maneno hufuata mfuatano maarufu wa hesabu ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: moja, moja, mbili, tatu, tano, nane, kisha hurudi chini.

Yeyote aliyewahi kutunga shairi la Kiswahili na kuhesabu mizani kwa vidole atalielewa jambo hilo upesi kuliko wahakiki wengi wa Magharibi. Kanuni ya hesabu haimfungi mtunzi mwenye kipaji, bali humpa mahali pa kukanyaga.

Nguzo ya tatu ni pacha: Opeth ya Uswidi na Porcupine Tree ya Uingereza. Mikael Åkerfeldt wa Opeth alikuwa na sauti mbili kooni mwake, moja ya kunguruma kama simba na nyingine laini ya kubembeleza. Mwaka 2001, Steven Wilson wa Porcupine Tree alimsaidia kuitayarisha “Blackwater Park”, albamu iliyounganisha metali nzito na utulivu wa roki ya zamani.

Wilson na Porcupine Tree walitoa “Fear of a Blank Planet” mwaka 2007, albamu kuhusu vijana waliozama katika skrini na dawa hadi wakapoteza hisia. Wakati huo simu za kisasa zilikuwa bado hazijaenea. Msomaji wa leo aliye na kijana nyumbani hahitaji kuelezwa kwa nini kazi hiyo haijazeeka.

Meshuggah, walioanza mjini Umeå, Uswidi, mwaka 1987, ndio nguzo ya nne. Walichofanya ni rahisi kueleza na kigumu kutenda. Mkono mmoja wa mpiga ngoma hushika mapigo manne ya kawaida, huku miguu na magitaa yakifuata hesabu nyingine kabisa, kisha yote yakikutana tena baada ya safari ndefu. Magitaa yao ya nyuzi nane yalizaa kizazi kizima cha waigaji.

Kutoka Atlanta, Marekani, wakaja Mastodon, ambao mwaka 2004 waligeuza riwaya ya Herman Melville kuhusu nyangumi, “Moby-Dick”, kuwa albamu ya metali. Na kutoka kusini-magharibi mwa Ufaransa wakaja Gojira, ndugu wawili Joe na Mario Duplantier pamoja na wenzao, waliouanza mradi wao mwaka 1996 na kuugeuza kuwa sauti ya kutetea bahari, misitu na wenyeji wa Amazon.

Hesabu za sekunde 30

Sasa yatazamwe mazingira ambamo bendi hizi zinaishi. Katika mtandao wa Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa msikilizaji anapofikisha sekunde 30. Ukiendelea hadi dakika ya 12, hakuna kinachoongezwa.

Hesabu yake haihitaji msomi. Katika saa moja, msikilizaji anaweza kumaliza nyimbo 30 za dakika mbili, lakini nyimbo tano pekee za dakika 12. Mtunzi wa nyimbo fupi huandikiwa mara 30, na wa nyimbo ndefu mara tano. Muda ni uleule, ila tofauti ni mara sita.

Isitoshe, tangu mwaka 2024 mtandao huo haulipii rekodi ambayo haikufikisha usikilizaji 1,000 katika muda wa miezi 12. Kanuni hiyo haibagui. Inamgusa kijana wa Stockholm anayetunga kipande cha dakika 18, na inamgusa pia msanii wa Kisumu au Mombasa ambaye ndio kwanza anajaribu bahati.

Si ajabu basi kwamba nyimbo nyingi za leo huanza na kiitikio na kumalizika kabla ya dakika ya tatu. Watunzi si wavivu. Wanatii mshahara. Lakini msikilizaji wa Afrika Mashariki anajua kwamba urefu si ugonjwa: taarab ya Pwani haikuwahi kuona haya kuchukua muda wake, na Franco na TP OK Jazz walipotoa “Mario” mwaka 1985, wimbo huo uliozidi dakika 10 ulichezwa kila pembe ya ukanda huu.

Tool walilikabili soko hilo kwa ukaidi. Kwa miaka mingi walikataa albamu zao ziwekwe kwenye mitandao ya kusikilizia muziki. Walikubali tu Agosti 2, 2019, wiki chache kabla ya kutoa “Fear Inoculum”, albamu yao ya kwanza baada ya miaka 13.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Albamu hiyo ilimwondoa Taylor Swift kileleni mwa orodha ya Billboard ya albamu nchini Marekani, sehemu kubwa ya hesabu ikitokana na mauzo halisi. Toleo lake maalumu lilikuja na kioo kidogo cha video ndani ya kifurushi. Wimbo wenye jina la albamu, wa dakika 10 na ushei, uliweka rekodi ya kuwa mrefu kuliko wote kuwahi kuingia katika orodha ya nyimbo 100 za Billboard. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2023, ilipovunjwa na André 3000 kwa kipande kirefu cha filimbi.

Funzo ni kwamba bendi hizi hazitegemei umati unaopita njia, bali jamii ndogo inayokaa. Shabiki wa aina hii hununua santuri, hununua fulana, na husafiri kwenda tamashani. Porcupine Tree walipotoka kimya cha zaidi ya miaka 10 na kutoa albamu mwaka 2022, ilishika nafasi ya pili Uingereza. Mnamo Machi 2025, Wilson alitoa “The Overview”, albamu yenye vipande viwili tu.

Lakini hapa pana mtego. Mkakati wa kuuza kwa waaminifu wachache unamfaa aliyekwisha kujenga jina enzi za santuri na kaseti. Tool waliweza kunyamaza miaka 13 kwa sababu walikuwa wamevuna kabla ya kiangazi. Bendi changa ikinyamaza miaka miwili, husahaulika.

Lawama zenye uzito

Wakosoaji nao wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Lawama ya kwanza ni ya zamani: kwamba wanamuziki hawa hupenda kuonyesha ufundi kuliko kugusa moyo. Yapo mapande ya Dream Theater ambayo hata shabiki sugu huyasikiliza kwa heshima zaidi kuliko kwa mapenzi.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Muziki unaojiita wa kusonga mbele unaweza kugeuka kuwa jumba la makumbusho. Portnoy aliiacha Dream Theater mwaka 2010 na kurejea Oktoba 2023. Kurejea kwake kulishangiliwa mno, na Februari 2025 wakatoa “Parasomnia”. Shangwe zile zilikuwa za kumkaribisha ndugu nyumbani. Swali la kama nyumba yenyewe ilipanuka lilibaki bila jibu.

Opeth nao walipitia mtihani huo kwa njia ya kinyume. Mwaka 2011, Åkerfeldt aliiacha sauti ya kunguruma na kufuata roki ya miaka ya 1970. Baadhi ya mashabiki walimwona msaliti. Mwaka 2019 alikwenda mbali zaidi na kuitoa albamu moja kwa matoleo mawili, la Kiswidi na la Kiingereza, katika muziki ambao umezoea kuamini kwamba Kiingereza ndicho tiketi ya pekee ya kuvuka mipaka.

Aliporudisha mngurumo wake Novemba 2024, katika “The Last Will and Testament”, haikuwa kwa kuwaridhisha walionuna. Sauti hiyo ilihitajika kumwakilisha marehemu anayezungumza kupitia wasia wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kurudi nyuma na kurudi kuchukua kilichosahaulika.

Lawama ya tatu ni kwamba mduara huu umekuwa wa wanaume, na wengi wao wa Ulaya na Marekani. Kuna ukweli hapo, na ndio unaolifanya suala la mirathi kuwa la dharura. Ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe haukawii kudhoofika.

Saa ya mirathi

Mauti nayo hayangoji mjadala uishe. Neil Peart wa Rush ya Kanada, mpigaji ngoma aliyewafunza wengi wa wanaotajwa hapa, na aliyewahi kuzunguka Afrika Magharibi kwa baiskeli na kuandika kitabu kuhusu safari hiyo, alifariki Januari 2020. Brent Hinds, aliyeachana na Mastodon Machi 2025, alifariki katika ajali ya pikipiki mjini Atlanta Agosti mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 51.

Miongoni mwa wanaotajwa kuwa warithi ni Sleep Token wa London, wanaovaa barakoa na kuficha majina yao. Albamu yao ya Mei 2025 ilitua kileleni Uingereza na Marekani. Wamechanganya metali na muziki wa mapenzi wa redioni, na wakongwe wanabishana iwapo huo ni usongaji mbele au ni ujanja wa soko. Ubishi wenyewe ni dalili njema, kwa kuwa King Crimson nao walibishaniwa.

Mrithi mwingine ni Tosin Abasi, mzaliwa wa Marekani mwenye asili ya Nigeria, kiongozi wa Animals as Leaders. Alilichukua gitaa la nyuzi nane ambalo Meshuggah walilifanya kama nyundo, akalipiga kwa kidole gumba kama ala ya mdundo, bila mwimbaji yeyote. Wanafunzi wa gitaa sasa wanamwiga yeye.

Afrika yenyewe haijakaa kando. Bendi iliyovuka mipaka zaidi kutoka bara hili katika fani hii ni Myrath ya Tunisia, iliyoanza mwaka 2001 na kuchanganya metali ya progresivu na fidla pamoja na mahadhi ya Kiarabu ya Afrika Kaskazini. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa jina hilo, kwani ni neno lilelile la Kiarabu lililotupatia “mirathi”.

Nairobi nayo ilisikika mwaka 2020, wakati wawili wa Duma, jina linalomaanisha giza kwa Kikuyu, walipotoa albamu kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwimbaji wao, Lord Spikeheart, alitoa kazi yake mwenyewe mwaka 2024 kwa kumbukumbu ya mpiganaji wa Mau Mau, Muthoni wa Kirima, ambaye ni wa ukoo wake. Muziki huo si wa progresivu kwa maana ya kitabuni, ila ari ya kukataa mipaka ni ileile.

Kwa hivyo, umuhimu wa Dream Theater, Tool, Opeth, Meshuggah na Gojira hauwezi kupimwa kwa Grammy wala kwa jukwaa la Olimpiki peke yake. Kipimo cha haki ni iwapo yupo mtu asiyefanana nao, katika mji wasioujua, aliyeichukua mbinu yao akaitumia kusema lililo lake. Kwa kipimo hicho, Meshuggah wana alama za juu kuliko wanavyouza, na Dream Theater wana waigaji wengi kuliko warithi.

Katika hadithi ya “The Last Will and Testament”, watoto wa tajiri mmoja wanakusanyika kusomewa wasia wa baba yao. Mali yote inamwendea binti mmoja mgonjwa, aliyedharauliwa na wenziwe. Mwishoni, binti huyo anapokea barua na kugundua kwamba yeye pia hakuwa wa damu ya marehemu. Nyumba, hata hivyo, imekwisha kuwa yake.